Mabano Mawili, Mstari Mmoja

Mkwe akija kula kwako unamwekea kipande kikubwa, halafu unafunga mdomo. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea mwalimu, na alikuwa ameishika miaka mingi bila kuivunja. Hata siku hiyo alikaa mezani nayo, kabla sahani hazijasukumwa pembeni na karatasi haijatandazwa katikati.

Mwalimu mwenyewe alikuwa wa hesabu, sekondari, madarasa ya juu. Wanafunzi walimwita Bi Chini-Kwanza na walidhani hajui. Alijua sana, tena alilipenda jina lenyewe. Lilitoka kwenye maneno yake ya kila siku alipowafundisha zile sehemu zenye x juu na x chini: "Achaneni na mapambo ya juu! Angalieni chini kwanza. Chini pakiwa sifuri, hapo ndipo watu wanapovunjikia shingo." Watoto walicheka. Hakuna mtoto aliyewahi kufikiri kwamba shingo ni shingo kweli.

Mezani walikuwa wanne. Yeye mwalimu, binti yake mkubwa, mume wa binti huyo, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia, na kitindamimba wa mwalimu, Kiduchu, aliyepewa jina hilo siku ya kuzaliwa kwa udogo wake, na sasa msichana alikuwa anainama kupita milangoni. Injinia alikuwa mkuu wa mitambo kwenye kiwanda cha vigae, mitaa michache kutoka hapo. Kiduchu alifanya kazi hapohapo, chini ya shemeji yake. Ndiye aliyemtafutia nafasi.

"Leo ndiyo leo, mama," Injinia alisema, akijipangusa mikono. "Alasiri hii tunaipandisha feni mpaka nane."

Feni hiyo, tuelewane, si ile ya kupepea wageni sebuleni. Lilikuwa dude la chuma lenye mapanga marefu kumzidi mtu, limefungwa kwenye ekseli nene, na kazi yake ilikuwa kuvuta hewa ya moto ipite ndani ya tanuri. Swichi yake ya kasi ilikuwa na namba, sifuri mpaka kumi, na tangu ifungwe haikuwahi kupita tano. Sasa tanuri lilikuwa linakosa pumzi. Vigae vilitoka vibichi katikati, wateja wakavirudisha, na mwenye kiwanda akawaalika wageni waje waone kwa macho yao feni ikikimbia.

"Na mtikisiko?" mwalimu aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Swali zuri!" Injinia akafurahi, maana alikuwa analingojea. Akasogeza sahani, akatandaza karatasi. "Nimeutolea hesabu yake. Nimechukua michoro ya waliotengeneza, uzito wa mapanga, urefu wa ekseli, kila kitu. Mtikisiko kwa kila kasi, huu hapa. Juu, x toa saba, mara x jumlisha mbili. Chini, x toa saba, tena x toa saba, mara x jumlisha moja. X ndiyo namba ya kwenye swichi."

Mwalimu aliinama. Macho yake, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, yalishuka chini kwanza.

"Unaona hapa kwenye saba?" Injinia aliendelea, kidole juu ya karatasi. "Mwanzoni palinitisha. Ukiweka saba, chini panakuwa sifuri. Lakini na juu pia panakuwa sifuri! Vinafutana. Kwa hiyo si ukuta, ni tundu tu. Tunapita. Ukuta umebaki mmoja, kwenye hasi moja, na feni yangu haizunguki hasi."

Akacheka, na Kiduchu akacheka kwa kuwa shemeji kacheka.

Kwa watu wa hesabu, tundu ni mahali palipokosa nukta moja kwenye mchoro. Mstari unaparuka na kuendelea na safari yake, kama mtu anavyoruka mfereji. Ukuta ni jambo jingine kabisa. Ukuta ni pale ambapo chini panakuwa sifuri na juu hapana cha kuifuta, na mchoro ukipakaribia unapanda, unapanda, hauna mwisho wa kupanda. Vitabuni unaitwa asimptoti wima. Darasani kwa mwalimu uliitwa ukuta, na Injinia, kwa heshima, alilitumia neno hilo la nyumbani kwa mama mkwe wake.

Sasa tazama alichokiona mwalimu. Juu palikuwa na x toa saba moja. Chini palikuwa na x toa saba mbili. Moja inafuta moja, na moja inabaki, imekaa palepale chini inangoja. Lakini kalamu ya Injinia ilikuwa na haraka zake. Ilikata ile ya juu, ikashuka chini, ikafyeka zote mbili kwa mstari mmoja.

Kosa hilo mwalimu alilijua kama anavyolijua jino lake bovu. Alilikuta kila mwaka kwenye kila rundo la mitihani. Na wasiojua kitu hawakulifanya, maana hata kufuta hawakufika. Walilifanya wenye akili, kwa sababu wenye akili wana haraka ya kuona kitu kimekuwa kifupi.

"Hapo chini, mwanangu," alisema polepole, "umezifuta zote mbili?"

Binti mkubwa akainua uso. Alimwangalia tu mama yake, na mwalimu akalielewa lile jicho, maana lilikuwa na historia.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mbele ya wageni waliojaa sebule hii hii, Injinia alipiga hesabu ya mabati ya nyumba yake akakosea. Mwalimu akamsahihisha papo hapo, tena kwa kicheko, kama anavyowafanyia wanafunzi. Wageni wakacheka. Injinia akacheka pia, halafu hakukanyaga tena nyumba hiyo kwa muda mrefu mno. Binti mkubwa akaja peke yake, macho yamemvimba. "Mama, mume wangu si mwanafunzi wako. Ukimsahihisha tena mbele za watu, na mimi utanikosa." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, waliosema hivyo walikuwa na wakwe. Tangu hapo mwalimu akawa anameza. Mkwe akisema mvua itanyesha kuanzia chini kwenda juu, yeye anasema ndiyo mwanangu, mwaka huu ina vituko.

"Zimekwenda na ile ya juu, mama," Injinia alijibu, bila kuangalia karatasi.

"Aa. Sawa."

"Halafu shemeji," Kiduchu akadakia, kinywa kimejaa, "mbona jana kwa tano kipimo changu kilisoma nusu na kidogo tu? Nilikigusisha pale kwenye beringi ya ekseli mara tatu."

Kazi ya Kiduchu ilikuwa hiyo. Feni ikipandishwa kasi, yeye anasimama kando yake, mkono mmoja tu kutoka kwenye chuma kinachozunguka, anakigusisha kipimo na kusoma mtikisiko kwa sauti ili fundi wa swichi asikie.

Injinia alichukua kikokotoo. "Kwa tano hesabu yangu inatoa moja na kidogo. Na mashine inatikisika nusu yake!" Akapiga meza kwa furaha. "Unaona, mama? Imetulia hata kuliko nilivyokisia. Chuma kizuri kile."

Mwalimu akasema ni kweli, chuma kizuri. Akawamiminia maji. Kuna kitu kwenye hiyo nusu na kidogo hakikumpa raha, na hakujua bado kwa nini.

Waliondoka pamoja, Injinia na Kiduchu, kwenye gari la kiwanda. Binti mkubwa akabaki kidogo kukusanya vyombo.

"Ahsante kwa kunyamaza, mama," alisema kutoka jikoni.

"Nilinyamaza nini?"

"Nakujua mimi. Ulikuwa unataka kumtoa kasoro." Akacheka, akambusu mama yake shavuni, akaenda kwake.

Nyumba ikatulia. Mwalimu akavuta mtihani wa mwanafunzi mmoja kutoka kwenye rundo, akaugeuza nyuma palipo peupe, akaiandika ile sehemu kama ilivyo. Akafuta moja ya juu na moja ya chini. Ikabaki x jumlisha mbili juu. Chini x toa saba mara x jumlisha moja. Kabla ya yote akaweka tano. Juu saba. Chini, hasi mbili mara sita, hasi kumi na mbili. Alama ya hasi hakuijali, hiyo inasema tu kwamba mtikisiko umeelekea upande wa pili. Saba gawanya kwa kumi na mbili.

Nusu na kidogo.

Feni haikuwa imetulia kuliko hesabu ya mkwe wake. Feni ilikuwa inaifuata hesabu hii, ile yenye x toa saba iliyobaki, tena inaifuata kwa adabu kabisa. Utulivu ule ulioshangiliwa mezani ndio uliokuwa shahidi. Mashine ilikwishasema yenyewe ukuta uko wapi, na watu wakaipigia makofi.

Akafanya kile anachowafanyisha watoto: chagua namba za karibu uone. Sita: moja na kidogo. Sita na nusu: mbili na kidogo. Hapo mtu hajashtuka bado. Sita nukta tisa: kumi na moja. Sita nukta tisa tisa: mia na kumi na mbili. Akaongeza tisa nyingine na jibu likawa elfu moja na ushei, akatupa kalamu. Hapakuwa na haja ya kuendelea. Hakuna chuma chini ya jua kinachofika huko. Kitapasuka njiani, na mapanga yatakwenda yanakotaka, na anayeshika kipimo anasimama mkono mmoja kutoka hapo.

Wala wasingeparuka haraka. Hilo alilijua kutoka kwa Kiduchu mwenyewe: mota ya feni haipendi kushtuliwa, swichi inasukumwa kidogo kidogo, wanangoja, wanasukuma tena. Wangeukaribia ukuta kwa unyenyekevu wote, kama ile mistari anayoichora ubaoni.

"Mungu wangu, mwanangu," alisema kwa sauti, peke yake.

Akampigia Injinia. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Akampigia Kiduchu, na Kiduchu akapokea mara moja, huku nyuma kunasikika mvumo mzito.

"Mama, nipo kazini, feni inawashwa—"

"Toka humo."

"Eh?"

"Toka! Hesabu ya shemeji yako ina kosa. Kwenye saba kuna ukuta, si tundu. Ile feni itapasuka. Sema unaumwa tumbo, sema chochote, toka humo ndani sasa hivi."

Mvumo. "Una hakika, mama?"

"Mimi? Kwenye jambo hili? Kiduchu, usinichezee!"

"Na shemeji je? Na fundi wa swichi?"

"Nitamwambia mimi mwenyewe. Wewe ukianza kumwambia mtaanza kubishana. Toka, mimi nampigia sasa hivi."

"Utampigia kweli?"

"Nimesema nampigia! Toka!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alisikia viatu vya mtoto wake vinakimbia kwenye sakafu ya saruji, mlango wa chuma, kisha mvumo ukapungua na upepo wa nje ukaingia kwenye simu. "Nimetoka, mama. Naja nyumbani." Mwalimu akakaa chini. Akalia kidogo, machozi ya kushukuru, yale yanayotoka yenyewe.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, nami sitampamba. Maana hofu ilikuwa imemtoka. Ilikuwa moyoni mwake kama kaa la moto, na mtoto wake alipotoka mlango ule, kaa likapoa. Alibaki na jukumu, na jukumu na hofu ni ndugu wasiofanana. Alikunywa maji. Alipangusa uso. Ndipo akampigia mkwe wake.

Safari hii Injinia alipokea.

"Mama! Naona umepiga mara mbili. Kuna shida?" Sauti yake ilikuwa inapaa juu ya mvumo, na nyuma yake watu wanazungumza, mtu anacheka kicheko cha tajiri. "Samahani, nimekuweka kwenye spika, mikono yangu imejaa grisi. Niko hapa na bosi na wageni wote. Wasalimie wageni, mama!"

"Shikamoo mama!" wageni wakaitikia kwa pamoja, kwa utani, kama darasa.

"Marahaba," mwalimu alisema.

"Kiduchu katukimbia, eti tumbo," Injinia aliendelea kwa furaha. "Usiwe na wasiwasi, kipimo nitakishika mwenyewe. Enhe, mama?"

Mwalimu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mafupi, yasiyozidi pumzi moja: zima mashine, umefuta zote mbili. Lakini alikuwa anaiona ile sebule ya zamani, na wageni wanaocheka, na uso wa Injinia unaocheka nao huku masikio yamemwiva. Alikuwa anaona bosi wake anageuka kumtazama. Alikuwa anamwona binti yake mkubwa, macho yamemvimba. Kumi na moja kwenye sita nukta tisa, alijiambia. Si kipofu. Akiona kipimo kimeruka hivyo ataacha. Mtu mzima, ana shahada, ana macho. Na mimi nitamwandikia ujumbe, auone faraghani.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema. "Nilitaka tu kukutakia kazi njema."

Wageni wakasema aaah, wakapiga makofi. "Mnaona?" Injinia akawaambia, na furaha ilijaa sauti yake nzima. "Mnaona mkwe niliye naye? Ahsante sana, mama." Simu ikakatika.

Akaanza kuandika ujumbe. Aliandika: "Mwanangu zima mashine." Akaona ni amri, akafuta. Akaandika: "Samahani mwanangu kwa kukusumbua, nilikuwa natazama ile hesabu yako nzuri." Akaona "nzuri" imekaa kama kejeli, akaiondoa. Akaongeza kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea, maana macho ya uzee. Akaeleza kwamba juu ipo moja na chini zipo mbili. Mwalimu wa hesabu, mwanamke aliyewahi kuwafokea nusu ya watu wazima wa mji ule, alikuwa anatafuta neno laini la kumwambia mtu kwamba anakufa.

Mlango ukafunguliwa. Kiduchu aliingia anahema, viatu vimejaa vumbi la vigae.

"Umemwambia?"

"Namwandikia hapa."

"Unamwandikia?" Kiduchu alimtazama mama yake, kisha simu, kisha mama yake tena. "Mama, si ulisema utampigia?"

"Nilimpigia. Alikuwa na watu."

"Alikuwa na watu!" Kiduchu akamnyang'anya simu, akapiga, akaiweka sikioni, anarukaruka pale alipo. "Pokea shemeji, pokea, pokea, shemeji, jamani pokea—"

Sauti haikuja kwenye simu. Ilikuja dirishani. Mlio mmoja mzito, kama lori limeachia mzigo wa nondo, kisha mlio wa pili, mrefu, wa bati linalochanika. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Vioo vya kabati viliendelea kulia kidogo baada ya kila kitu kingine kunyamaza. Simu bado ilikuwa inaita sikioni mwa Kiduchu.

Injinia hakupona. Panga moja lilipita kwenye ukuta wa tofali likaenda kulala uwanjani, na jingine halikufika ukutani. Wageni walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya kioo, wakapata mikwaruzo. Fundi wa swichi alivunjika mkono. Ni yeye aliyesimulia baadaye kwamba kipimo kilipanda mpaka tano, sita, akasita, akauliza tuache? Na Injinia akamwambia hapana, hapa ndipo penye tundu, hapa patatusumbua kidogo tu, pitisha.

Nyumba ya binti mkubwa ikajaa watu. Viti vilitolewa nje, wanawake wakakaa chini sebuleni, na wengine walipokezana jikoni. Mwalimu alikaa karibu na mwanawe, amemshika mkono, na hakuuachia tangu asubuhi. Watu walisema mama huyu ana moyo. Watu walisema pia, kwa sauti ya chini, Mungu ni mkubwa, yule mdogo tumbo lilimwokoa. Kiduchu aliyasikia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, hali chakula, hazungumzi, na mtu akimpa pole anaangalia sakafu.

Siku ya pili alikuja fundi wa swichi, mkono umefungwa, akakaa na mjane, akasema aliyokuwa nayo, akaondoka. Alipokwisha kwenda, binti mkubwa aligeuka kwa mama yake. Macho yalikuwa yamekauka, lakini kulikuwa na kitu kimelainika usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama, hukuniambia."

"Nini, mwanangu?"

"Kwamba ulimpigia. Fundi kanisimulia. Kasema ulimtakia kazi njema mbele ya watu wote, na alifurahi, akajisifu kwa wageni." Akaubana mkono wa mama yake. "Ilikuwa inaniuma sana mimi, jinsi mlivyokuwa, wewe na yeye. Siku zote nilikuwa naogopa. Lakini sauti ya mwisho ya nyumbani aliyoisikia ilikuwa yako, na ilikuwa nzuri. Nakushukuru, mama. Nitakushukuru mpaka nakufa."

Wanawake wakasema loo, masikini, wakajifuta macho kwa ncha za khanga. Mama mmoja akamshika mwalimu bega.

Angeweza kuinamisha kichwa tu. Kila mtu pale alikuwa anamngoja ainamishe kichwa. Kisha angeishi nayo, hiyo shukrani, kila siku inayopita, binti yake akiirudia kwa wajukuu. Mwalimu alijaribu. Shingo ilikataa.

"Mwambie, mama," Kiduchu alisema kutoka mlangoni.

"Aniambie nini?" binti mkubwa akauliza.

Jikoni mtu aliangusha mfuniko, akaomba radhi.

"Sikupiga kumtakia kazi njema," mwalimu alisema. Sauti ilitoka kavu, ya darasani, hakuwa na nyingine. "Nilipiga kumwambia azime mashine. Niliona kosa kwenye ile karatasi. Palepale mezani nililiona. Mlipoondoka nikalifanyia hesabu, nikawa na hakika."

Binti mkubwa alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu. "Lakini hukumwambia."

"Sikumwambia. Kulikuwa na watu."

Mwalimu alingoja kelele. Alizitaka. Alitaka kutukanwa, kusukumwa, kutolewa nje ya nyumba ile kwa kushikwa gauni. Lakini binti mkubwa hakupiga kelele. Aligeuza macho taratibu, yakapita juu ya vichwa vya wanawake mpaka mlangoni, yakamkuta mdogo wake. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, mzima, hana hata mkwaruzo.

"Na huyu," aliuliza, "ulimwambia?"

"Nilimwambia," mwalimu alisema.

Binti mkubwa akauchomoa mkono wake kutoka kwenye mkono wa mama yake, akauweka mapajani, akamwomba jirani maji ya kunywa.